Sahani Iliyotangulia Mabira

Alhamisi asubuhi Zulaikha aliikuta sahani palepale alipoiacha, kwenye dirisha la jiko, ila kawa lililoifunika lilikuwa limelowa chepechepe, na Kalerwe, mtaa wao wa Kampala, haikuwa imepata mvua wiki nzima.

Mzaha ulikuwa wake mwenyewe. Yeye na mumewe Taban, askari polisi, walipanga kumpeleka binti yao Faridah msitu wa Mabira siku ya Jumamosi, kwenda na kurudi, bila kampuni wala kiongozi: teksi ya Jinja asubuhi, washuke Najjembe, watembee, wale chini ya miti, jioni wawe nyumbani. Sasa kwao Zulaikha, Wanubi wa Bombo, huendi kwa watu bila kutanguliza sahani ya chakula, na mwenyeji hairudishi tupu. Jumatano, akipanga vyakula vya safari, aliweka dirishani gurusa tatu, zile chapati zao laini, akafunika, akasema huku akicheka, "Wenyeji wa Mabira, Jumamosi tunakuja."

Alipofunua, gurusa hazikuwepo. Palikuwa na bonge la kitu cha kahawia, chenye ute, kinachopanda na kushuka polepole, na ndani yake funza wanene wakijinyonganyonga. Kilinuka utamu, utamu wa embe lililoozea ndani ya soksi. Zulaikha akatapika kwenye karai. Taban alisema ni panya, wa Kalerwe hawana adabu, akakitupa jalalani na kurudi kwenye orodha yake ya safari.

Ijumaa sahani, ambayo Zulaikha aliisugua kwa majivu na kuifungia kabatini, ilikuwa imejaa tena. Kabati lilikuwa wazi, na mbele yake Faridah alikuwa amechuchumaa na sare zake za shule, akitafuna taratibu, kidevu kikichuruzika ute, mguu mweusi wa mdudu ukichezacheza pembeni mwa mdomo, na kila alipomeza aliinamisha kichwa kwa adabu kama mtoto aliyekaribishwa nyumba ya watu, huku ndani ya kabati, gizani, kitu kikitafuna pamoja naye, kwa mwendo uleule, kikinyamaza anaponyamaza.

"Nyama ya wenyeji tamu, Mama," alinong'ona.

Zulaikha alimsugua kinywa kwa sabuni hadi fizi zikatoka damu. Kinyaa kilimshika hata akashindwa kumkumbatia mwanawe. Hakumwambia Taban; aliona haya.

Mchana akamwita Haboba Kaltumi, bibi yake wa Bombo, mtoa majini, naye akaja. Alinusa jikoni, akakunja uso, akasikiliza habari ya sahani. Akasema safari ifutwe na sahani ivunjwe. Kisha akashusha sauti.

"Nani amekula? Huyo dawa yake ni ingine. Nikimuacha, atakuwa wa kwao."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Zulaikha aliangalia miguu yao.

"Hakuna, Haboba."

Bibi alisoma, akafukiza ubani, akaivunja sahani juu ya chumvi. Harufu ikakatika nyumba nzima.

Jumamosi hawakwenda popote. Zulaikha aliinama kumwamsha Faridah, na utamu wa embe bovu ukampiga usoni, wa moto, ukitoka kinywani mwa mtoto. Taya zilikuwa zimetulia kabisa, lakini mle ndani, nyuma ya meno, kitu kilikuwa kinatafuna.

Faridah alifumbua macho.

"Pumzika tu, Mama," alisema. "Wenyeji wameshafika."