Sketi ya Shashi na Maji ya Shabu

Soko la Covent Garden, London, lilifurika asubuhi ile, kabichi huku, maua kule, na Enoch Tuttle alikuwa akijipenyeza na ngazi yake begani. Mara akahisi ngazi imeng'ang'aniwa. Kugeuka, akakuta ncha yake imenasa gauni la msichana. Na halikuwa gauni la mchezo: la buluu, limetunishwa kwa vyuma vya ndani hadi vikapu vya karoti vikasukumwa pembeni.

"We kaka, unavua samaki?" msichana akauliza.

"Samahani, bibie. Sikujua kama gauni lako limekodi soko zima."

"Na kodi nimeshalipa. Ninasue!"

Enoch akapiga magoti matopeni, akalinasua taratibu. Koseti ilikuwa imembana yule msichana kiuno, kimebaki cha kushikika kwa viganja viwili.

"Chai ya asubuhi unaiweka wapi?" akashindwa kujizuia.

"Moyoni. Ndiyo maana una joto." Akacheka, akaenda zake, nyuma akiacha harufu ya pai ya samaki aina ya mikunga.

Mchana huohuo wakakutana tena. Kumbe Lavinia Peck ndiye mchezaji mpya wa baleti katika ukumbi ambao Enoch ndiye bwana taa. Majani ya vuli hayajaisha kupukutika, kila mtu ukumbini alishajua nani ni wa nani.

Ila Enoch alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na jina. Kabla ya Lavinia, nafasi yake ya mstari wa mbele ilikuwa ya Kezia. Taa za gesi zilipangwa ukingoni mwa jukwaa, ndimi zake wazi, na sketi za baleti ni shashi tupu, tabaka juu ya tabaka. Siku moja sketi ya Kezia ikaramba taa. Enoch alimkimbilia na blanketi lililolowa, akamfikia akiwa amechelewa; Kezia hakupona.

Tangu hapo kwenye chumba cha mavazi kukawekwa pipa la maji ya shabu. Nguo iliyochovywa humo haishiki moto. Lakini ikikauka huwa ya manjano na ngumu, na wasichana walilipita pipa lile kama hawalioni.

"Vinnie, chovya sketi yako. Nakuomba," Enoch akamsihi Lavinia.

"Ikauke kama ng'onda? Miaka yote, kumbi nyingine, nimecheza nyuma, mama yangu hajawahi kuniona uso. Leo niko mbele, unataka nivae gunia?"

"Nataka uzeeke. Uwe bibi mkali, unigombeze."

"Kukugombeza naweza hata sasa, mpenzi." Akamfinya shavu.

Basi Enoch akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Jumamosi, mshonaji alipotoka kunywa chai, aliichukua sketi ya Lavinia akaichovya mwenyewe, akaianika juu ya bomba la moto. Lavinia aliikuta dakika ya mwisho, hana nyingine. Jukwaani ikakwaruza kama karatasi, ikamkwama mapajani, na watu wa viti vya juu wakaangua kicheko. Jumatatu akarudishwa mstari wa nyuma.

"Ni wewe," akamwambia Enoch, macho yamemwiva.

"Ni mimi. Nakupenda, Vinnie, ndiyo maana..."

"Unanipenda, au unaogopa? Moto naujua, nacheza mbele yake kila siku. Umeniamulia kama mtoto! Sitaki kukuona."

Akamnunia hadi Krismasi. Enoch aliwasha taa zake, akala peke yake, akakonda. Aibu yenyewe ni kwamba alikuwa akilala usingizi mzuri, kwa kuwa mstari wa nyuma moto haufiki.

Kisha mchana mmoja, akiwa juu ya ngazi, akasikia sauti chini.

"Shuka. Nimerudishwa mbele."

Alishuka haraka. "Na sketi?"

"Nyeupe. Haijachovywa." Lavinia akamshika ukosi. "Nimechoka kukununia. Nakupenda mpaka inaniudhi. Nioe baada ya Pasaka, lakini apa kwanza: sketi zangu hutazigusa tena."

"Vinnie..."

"Apa, Enoch."

Akaapa. Angefanya nini?

Onyesho lilipoanza, alisimama pembeni mwa pazia, blanketi limelowa mkononi, mkono wa pili kwenye valvu ya gesi. Lavinia alipokuja mbele akizunguka, mweupe, mwepesi, akitabasamu kwa ajili ya mama yake aliyekaa ukumbini, Enoch akazipunguza taa kidogo.

"Tuttle! Mwanga!" meneja akafoka kwa kunong'ona.

Na Enoch, kwa mkono wake mwenyewe, akazipandisha.

Lavinia alipotoka jukwaani akihema, Enoch alimfunika blanketi lile, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Enoch! Mbona siungui?"

"Najua."

"Umenilowesha mpaka koseti! Niachie, mpenzi."

"Subiri kidogo."

Lavinia akamwacha amshike, kwa sababu alimhisi anavyotetemeka. Kisha kengele ya sehemu ya pili ikalia. Lavinia akajichomoa, akavaa sketi nyingine, kavu na nyeupe kuliko ile ya kwanza, akambusu puani.

"Niangalie mimi, usiangalie taa," akasema, akakimbilia jukwaani.

Enoch akalichovya blanketi kwenye ndoo. Meneja akampungia mkono, naye akafungua gesi.