Glavu Zilizokunja Ngumi

Glavu ya kwanza ilikunja ngumi Jumatatu asubuhi, ikiwa imeanikwa kwenye kamba, tupu, bila mkono ndani. Sista, muuguzi mwenye mimba ya miezi sita, aliiona akajiambia ni joto tu. Hospitali ile ilifua glavu za upasuaji, ikazianika, ikazichemsha na kuzivalisha watu tena mpaka zichakae kama soksi za mwanafunzi. Ndio ulikuwa utaratibu wa bosi. Bosi mwenyewe hakuwahi kuvaa hata moja.

Jumatano zilikunja ngumi nne. Sista akazitia alama ya wino, na palepale chumba kikajaa harufu ya sabuni ya waridi.

"Ni yeye," mfagiaji alinong'ona. "Hiyo ndiyo sabuni yake."

"Nyamaza, mama. Tumemzika."

Walikuwa wamemzika kweli, muuguzi mwenzake kwa miaka minane, aliyeingiwa na damu ya mgonjwa kupitia glavu iliyotoboka, akafa kwa homa ya ini, macho ya njano. Sista aliapa mtoto wake hatazaliwa na ugonjwa ule.

Alijaribu kuikunjua ngumi moja, na ile ngumi ikamshika kidole, ikakibana, mpira ukilia taratibu kama unasuguliwa kwenye kioo, naye akavuta, ikavuta, akavuta tena huku jasho likimtiririka mgongoni na zile tatu nyingine zikigeuka kwenye kamba, moja baada ya moja, kumwelekea yeye.

"Bosi, tupe glavu mpya," aliomba. "Hizi hazitaki kuvaliwa."

Glavu mpya zilikuwa zikisubiri kibali kwa mwaka wa pili. Mganga alipatikana kabla ya chakula cha mchana.

Akafukiza, akakemea, akapiga kamba kwa usinga. Kilio chembamba kilizunguka dari, kikatoka dirishani, na vidole vyote vikalegea.

"Ameondoka," mganga alisema.

"Haya, zichemsheni zote, kazini!" bosi akacheka.

Alasiri ile aliletwa mzazi anayevuja damu. Hakukuwa na muda wa kuchagua. Sista alivaa alichopewa, na mzazi akapona, na daktari hata akatania kwamba jini limekimbia harufu ya soksi zake.

Kwenye sinki Sista alivua glavu. Pindoni palikuwa na wino. Dole gumba lake, lililopasuka kwa kufua, lilikuwa jekundu kwa damu isiyo yake. Alijaza maji ndani ya glavu, yakaruka kwenye tundu. Akakimbilia nyingine zenye wino, akazijaza. Zote zikavuja. Zisizo na alama hazikuvuja hata tone.

Marehemu hakuwa akiwatisha, masikini. Alikuwa akiwakataza.

"Rudi, mwenzangu," Sista alinong'ona akilia. "Rudi, sasa nimekuelewa."

Hakuna glavu iliyokunja hata kidole. Yule mganga alikuwa fundi kweli. Tumboni mtoto akapiga teke, na Sista akashindwa kuuweka mkono wake pale.