Mke wa Kupangia Chumba

— Mrundi? Ah, dada, chumba kimeshapata mtu.

— Mama, sasa hivi tu umemwambia dalali kiko wazi.

— Na sasa hivi nakwambia kimepata mtu.

Mlango ukafungwa. Zuleha Harerimana akabaki barazani na bahasha yake ya kaki, yenye pasipoti, kibali cha ukaazi na barua ya shule. Ilikuwa nyumba ya saba wiki hiyo, Kasulu mjini, mwezi wa pili mwaka 2014.

Dalali, mzee Khamisi, akakohoa.

— Mwalimu, usiwalaumu. Mwaka jana kwenye operesheni ya wahamiaji wenye nyumba walihojiwa mpaka wakakonda. Mtu akisikia Kirundi mdomoni mwako anaona polisi.

— Lakini karatasi zangu zote ziko sawa.

— Karatasi hawasomi. Ipo moja mtaa wa Murusi, ila mwenyewe anataka elfu themanini kwa mwezi, na ya mwaka mzima mkononi.

— Jirani yake analipa ngapi?

— Thelathini. Lakini jirani yake Muha mwenzake.

Zuleha alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja binafsi. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili alikipata kwa mama yake, lakini akishtuka kidogo tu Kirundi kinamtoka. Mshahara wa kwanza uliishia gesti. Sasa alikuwa analala kwenye stoo ya vitabu ya shule, katikati ya maboksi ya chaki, na mkuu wa shule alishampa mpaka mwisho wa mwezi.

Jioni ile alipitia dukani kwa Nurudini. Huyu alikuwa kijana wa Ujiji, muuza spea za pikipiki karibu na stendi, na kwa miezi mitatu sasa alikuwa ndiye mtu pekee Kasulu aliyemwita "mpenzi".

— Nyumba ya saba, Nuru.

Nurudini akamsogezea kigoda, akafuta grisi mikononi.

— Naijua nyumba moja. Kwa Bi Adija, Murubona. Chumba na sebule, maji uani, elfu thelathini. Ila yule mama hapangishi mtu asiye na ndoa.

— Basi hiyo imenipita.

— Haijakupita. Tutasema wewe ni mke wangu.

— Tumdanganye mtu mzima?

— Zule, hatudanganyi, tunatanguliza. Idi ikipita nakupeleka Ujiji kwa baba, ndoa inafungwa. Tunachotanguliza ni chumba tu.

Akamshika mkono. Zuleha alikuwa amechoka kukataliwa, na maneno yale yalikuwa matamu. Kesho yake asubuhi walisimama mbele ya Bi Adija, mjane mrefu muuza vitenge, mwenye macho ya kupima watu.

— Mmeoana wapi?

— Ujiji, mama, — alijibu Nurudini bila hata kukwama.

— Vizuri. Maana nyumba yangu si gesti. Mume na mke, karibuni. Wachumba, njia ni hiyo mliyojia.

Nurudini akacheka. Zuleha akatazama chini.

Idi ikaja, ikapita. Baba wa Nurudini akawa anaumwa. Mwezi uliofuata biashara ikawa imelala. Uliofuata tena nyumba ya Ujiji ikawa inaezekwa upya, wageni hawapokelewi. Kila mara palikuwa na sababu ya kutokwenda, na kila sababu Zuleha aliipokea. Kodi akawa analipa yeye. Alifua ovaroli zenye oili mpaka kucha zikageuka rangi. Mwezi wa kumi na mbili Nurudini aliposhikwa na taifodi, Zuleha alimpelekea uji wodini siku kumi na moja mfululizo. Wauguzi walikuwa wakiita, "Mke wa Nurudini!" naye akiitika, "Abee!" Alishaitika mara nyingi mpaka akasahau kwamba ni uongo.

Bi Adija naye akamzoea. Alimwita mwanangu. Ramadhani alimletea tambi mlangoni kila magharibi.

Mwezi wa tano mwaka 2015 risasi zikaanza kulia Bujumbura. Watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Mama yake Zuleha alikimbia na begi moja, akafikia kambini Nyarugusu, nyumba ya Buyenzi ikabaki na kufuli. Mashirika yakajaa Kasulu na magari yao meupe, na kodi za nyumba zikapaa. Chumba cha elfu thelathini kikawa cha laki na nusu, na wenye nyumba wakawa hawapokei simu za madalali bila kuringa.

Jumamosi moja asubuhi Nurudini alikuwa bafuni, simu yake ikalia kitandani. Zuleha alidhani ni mteja wa spea. Akasoma:

"Bwana harusi, mahari imefika salama. Firdausi anauliza chumba kina ukubwa gani, tulete kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita? Jumatatu nakuja kukipima. Mjomba Abbasi."

— Mana yanje! — Kirundi kikamtoka. Mungu wangu.

Nurudini akaingia na taulo shingoni.

— Firdausi ni nani?

Hakushtuka. Alijifuta sikio moja, akahamia la pili.

— Ungeuliza kwa adabu ningekwambia. Ni binti wa Ujiji. Baba amenichagulia.

— Na mimi?

— Wewe nini?

— Mimi ni nani kwako, Nuru?

— Zuleha, tusipandishiane sauti. Mimi na wewe tulikubaliana nini? Tulikubaliana chumba. Umekaa mwaka na miezi kwa bei ya mwenyeji. Ungeipata wapi?

— Nilikuuguza!

— Na mimi nilikupa jina. Bila jina langu ungekuwa stoo na chaki mpaka leo.

— Uliniahidi ndoa.

— Mwanamume akitafuta chumba husema mengi.

Zuleha akakaa kitandani.

— Niende wapi? Kwetu wanauana. Mama yuko kambini.

— Kambini si kuna mahema? Nenda kwa mama yako. Jumatatu jioni nataka chumba kiwe cheupe.

Akavaa shati, akaenda dukani akipiga mluzi.

Jumatatu Abbasi alishuka kwenye basi la Kigoma, mzee nadhifu mwenye kofia iliyodariziwa na futi ya chuma ya kupimia mkononi. Nurudini alimwambia yule mwanamke anayepanga vyombo ndani ni mpangaji anayehama, akamwacha mzee apime, mwenyewe akamfuata Bi Adija aliyekuwa uani akichambua maharage.

— Mama, — alinong'ona, — mimi na Zuleha yamefika mwisho. Jana nimempa talaka. Leo anaondoka, mwezi huu naleta mke mwingine.

Bi Adija akaweka ungo chini.

— Talaka ngapi?

— Moja.

— Basi ana eda. Miezi mitatu, ndani ya nyumba hiihii alimoachwa. Haondoki na hatolewi! Huyo bibi harusi mpya mtafutie kwingine.

Bi Adija hakuwahi kujifunza kunong'ona. Abbasi akatokea mlangoni, futi ikining'inia.

— Eda ya nani, mama?

— Ya mke wake. Kwani wewe nani?

— Mimi mjomba wa mchumba wake! Mke gani? Sisi tumepokea mahari ya kijana asiyewahi kuoa.

Nurudini akatazama huku, akatazama kule. Kisha akachagua.

— Mjomba, huyu si mke wangu! Wallahi sijamwoa. Tulisema vile tu ili tupate chumba.

Bi Adija akainuka taratibu, akamwendea Zuleha aliyekuwa amesimama kizingitini na sufuria mkononi.

— Mwanangu, nakuuliza wewe, maana huyu ana ndimi mbili. Alikuoa au hakukuoa?

Zuleha akaelewa. Akisema "alinioa", ana paa kwa miezi mitatu. Karatasi haikuwepo ya kuthibitisha wala ya kukanusha, na kati yake na Nurudini, Bi Adija angemwamini yeye. Neno moja tu. Akafungua mdomo, akauona uso wa yule mama.

— Hakunioa, mama. Tulikudanganya tangu siku ya kwanza.

— Ramadhani nzima nakuletea tambi, — alisema Bi Adija. — Kumbe nawafuturisha wazinzi ndani ya nyumba ya marehemu mume wangu.

— Nisamehe, mama.

— Kusamehe nitakusamehe. Lakini kwangu hulali tena. Wewe na yeye. Adhuhuri isiwakute.

Abbasi akarudisha futi mfukoni.

— Nurudini, mahari utaifuata kwa wazee, wakikuruhusu kukaa mbele yao. Firdausi hana mume hapa.

Saa sita kasoro vitu vilikuwa barabarani: godoro, ndoo, sanduku la Nurudini. Majirani walitoka wote, hata wagonjwa. Nurudini akakaa juu ya sanduku lake.

— Zule. Sikia. Sasa wote hatuna pa kwenda. Twende kwa shehe leo hii, tuoane kweli. Ukiwa na cheti hakuna mwenye nyumba atakayekufukuza.

Ndilo neno alilolisubiri miezi kumi na tano, na lilipokuja lilikuja likitafuta chumba.

— Hapana, Nuru.

— Utalala wapi?

— Popote usipokuwepo.

Alifunga godoro nyuma ya bodaboda. Wiki tatu alilala sebuleni kwa mwalimu mwenzake, Generosa, kisha shirika moja likamchukua kuwa mkalimani Kibondo. Huko alipata chumba nyuma ya mashine ya kusaga, kwa nusu ya mshahara, unga ukimwingilia hadi kwenye shuka. Nurudini alibaki Kasulu, analala dukani kati ya matairi. Ujiji hawamtaki.

Siku ya Idi ya kuchinja simu ya Zuleha ililia.

— Ni mimi, Bi Adija. Nimekusamehe kama nilivyosema.

— Asante, mama. Idi njema.

— Chumba nimempa bwana wa shirika. Laki mbili.

— Sawa, mama.

— Nikikipita natamani kugonga.

Zuleha akaibana simu sikioni. Wakabaki hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka salio la Bi Adija likaisha.