Fidla Ndani ya Sauna

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, nichanje kuni za sauna majira yote ya baridi.

Aili Niemela, msichana wa miaka kumi na miwili wa kaskazini mwa Minnesota, alizoea kupigia fidla yake kwenye sauna, kibanda cha kuogea mvuke kilicho nyuma ya nyumba, katika kile chumba cha kubadilishia nguo. Nyumbani wadogo zake pacha walilia kwa zamu. Jumamosi ile ya Januari baridi ilikuwa kali hivi kwamba mbwa akibweka, sauti iliganda hewani, ikaja kusikika theluji ilipoyeyuka.

Saa nne asubuhi Aili aliketi mbele ya kompyuta. Walimu watatu walioko mjini Duluth walikuwa wakichagua watoto wa okestra ya mkoa kwa njia ya video, na nafasi ya fidla ilibaki moja tu. Alipiga mistari miwili, picha ikaganda.

"Aili, tunakusikia vipande vipande," mwalimu mmoja alisema. "Jaribu tena kabla ya saa nne na nusu. Hapo ndipo tunafunga."

Alizima, akawasha. Akainua kompyuta juu kama anayeomba mvua. Wapi! Wiki nzima waifai ilikuwa sawa, leo imemsusa. Akakimbia hadi nyumbani kwao, akamkuta mzee Eino, jirani, fundi wa kujifundisha mwenyewe, sebuleni akinywa kahawa.

"Si jana nilikurekebishia, mjukuu wangu?" mzee alisema. "Ruta yenu, hiki kisanduku cha waifai, ina masafa mawili, ya mbili nukta nne na ya tano. Nikayazima yale madogo. Kwani tano si kubwa kuliko mbili?"

"Sasa mbona haifiki?"

"Itafika tu. Ipe muda." Akatazama ndani ya kikombe chake.

Muda ndio hakuwa nao. Zilibaki dakika kumi na mbili. Machozi yakimlenga, alimpigia simu Shangazi Kaisa, anayetunza kompyuta za maktaba.

"Shangazi, nimekwisha."

"Hujaisha. Nyuma ya mbao za sauna kuna nini?"

"Karatasi ya alumini. Baba aliibandika izuie mvuke."

"Basi umejifungia ndani ya sufuria, mwanangu. Masafa ya tano yana mbio, lakini yakikuta ukuta yanachoka. Ya mbili nukta nne ni kobe, ila yanafika mbali na kupenya. Na fidla yako haihitaji mbio nyingi, inahitaji isikatike. Washeni yale yaliyozimwa, kisha ukae dirishani, pasipo na alumini."

Mzee Eino aliyawasha. Aili akakata theluji mbio, akasogeza kiti dirishani, akapiga wimbo hadi mwisho na vidole vimekufa ganzi. Jumatatu jibu likaja: amechukuliwa.

Jioni hiyo shangazi alisema mbele ya wote, "Aili, siku nyingine jaribu mitambo mapema, palepale utakapokaa, hasa fundi akishaigusa. Na asiyejua aseme sijui. Neno hilo halijamvunja mtu mguu."

Aili ameisoma hadithi hii mpaka hapo, akaweka karatasi mezani.

"Ya mbwa nakusamehe, Babu. Lakini mtaa huu una Eino gani? Na ruta yetu aliigusa nani?"

Nikatafuta jibu ndani ya kikombe changu cha kahawa. Halikuwamo.

"Shoka liko nyuma ya mlango," akasema.

Mstari huu nauandika nikipumzika. Rundo la kuni bado halijafika nusu.