Mstari wa Chuma

Kichambuzi kilimeza eksirei za kwasa asubuhi nzima, kisha kikatema mchoro ukutani, safi kama sahani iliyooshwa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali, kinachowaka kwa sababu shimo jeusi katikati yake linafakamia kila kilicho karibu. Kazi ya mashine hii ya Kituo cha Anga cha Shengena ilikuwa kuupanga mwanga huo kwa nguvu zake na kufuta uchafu unaotoka kwenye darubini yenyewe kabla binadamu hajauona. Binadamu alibaki kusaini tu.

Leo Dakta Naelijwa alikataa kusaini, akafungua mwanga ghafi. Darubini mpya, isiyo na hata msumari wa chuma, ilikuwa imeleta mstari wa chuma, alama ambayo chuma kinachowaka huacha kwenye mwanga, ukienda na kurudi kila siku tisa. Maana yake, mashimo meusi mawili yalikuwa yakizungukana. Mwalimu wake, Mgonja, alisema hivyohivyo miaka kumi na moja iliyopita. Naelijwa ndiye aliyesimama mbele ya kamati akasema ule ni uchafu wa chuma cha darubini, kwa kuwa Kichambuzi kilisema hivyo. Mwalimu akaitwa mzushi, akafukuzwa, akarudi kijijini kwao Mamba kulima tangawizi.

"Kwa nini uliufuta mstari?" aliiuliza mashine.

"Nilifundishwa," Kichambuzi kilijibu. "Kila kanuni yangu ina jina la aliyenifundisha. Hii ina jina lako."

Alikumbuka sampuli elfu nne za kuwekea alama moja moja, na yeye, mwanafunzi aliyechoka, akiipiga sehemu nzima ya chuma alama ya uchafu kwa mkupuo. Haraka haraka haina baraka, na baraka iliyopotea ilikuwa ya mtu mwingine.

Alimpigia Mgonja simu.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Naelijwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea!"

Akamweleza yote, huku akilia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jina lako nililiona kwenye kanuni ile kabla ya kikao," alisema. "Ningelitaja, wangekufukuza wewe. Mimi nilishakula chumvi nyingi. Nikadhani utagundua mwenyewe, baada ya mwaka mmoja, miwili."

Naelijwa alitamani angetukanwa.

"Nakutumia mchoro sasa hivi, mwalimu. Uuone."

"Macho hayaoni tena, mama. Mwaka wa tano huu. Nisomee namba tu."

Akaanza kusoma, siku ya kwanza, siku ya pili. Alipofika siku ya tisa, mstari uliporudi mahali pake, upande wa pili wa simu alisikika mtu mzima akijizuia kulia.