Kidole cha Josphat

Paketi ya unga ilikuwa moja, na mikono iliyoishika ilikuwa miwili.

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, na duka la Wakenya pale Al-Hindawiyah lilikuwa limefurika kama kawaida ya siku hiyo. Madereva, walinzi na wasichana wa kazi waliopewa saa mbili za kutoka walisukumana wakitafuta unga wa ugali, majani ya chai na mafuta ya nywele. Mkono mmoja ulikuwa wa Josphat, dereva wa basi la kampuni, aliyeingia Jeddah alfajiri hiyo akitoka Riyadh. Wa pili ulichomoza kwenye abaya nyeusi. Juu ya abaya palikuwa na mtandio wa manjano, na macho yasiyotaka mchezo.

"Kaka, hiyo ni yangu."

"Dada, nimeishika kwanza."

"Umeishika kwanza, lakini mimi nimeiona kwanza. Nimeiona tangu niko mlangoni."

"Kuona si kushika."

"Unatoka wapi wewe, mbona huna adabu hivi?"

"Machakos."

"Ndiyo maana! Mkamba anajua nini mambo ya ugali? Nyinyi endeleeni na muthokoi wenu wa mahindi ya kukoboa. Achia wenyewe. Mimi ni wa Kakamega."

Watu wakacheka. Josphat akaachia, akasema hatadai kitu ila namba ya simu, tena ya kuulizia tu kama ugali umeiva vizuri. Msichana, jina lake Selipher, akamtazama viatu, akamtazama shati lililopigwa pasi, akaitoa namba kwa haraka, maana dereva wa madam wake alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

Ugali ulikuwa umeiva vizuri. Hayo aliyajua jioni ileile, na kwa miezi minane iliyofuata haikupita siku bila kuisikia sauti ya Selipher. Josphat alilala Al-Murabba, Riyadh, chumba kimoja na mwenzake Cliff. Selipher alifanya kazi kwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Kati yao palikuwa na karibu kilomita elfu moja za jangwa, na safari moja ya basi kwa mwezi. Josphat alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwahi kupenda hivyo. Alipenda mpaka akawa anaogopa.

Ndipo kampuni ya Josphat ilipopata kazi ya kubeba wauguzi Jeddah. Madereva kumi wangehamishiwa huko moja kwa moja, na Josphat jina lake lilikuwemo. Kilichobaki ni mtihani mpya wa kampuni, wa kompyuta. Unaonyeshwa video fupi kumi na nne za barabara, kama vile wewe ndiye uliyeshika usukani, na ukiona hatari unabonyeza kitufe; kila video ina alama tano. Nafasi za kujaribu ni tatu. Atakayefeli zote ikama yake, kibali cha kuishi nchini, haitafanywa upya mwisho wa mwezi, halas, arudi kwao.

Josphat alicheka aliposikia. Mtu aliyeendesha lori la Mombasa hadi Malaba miaka kumi na moja bila kumgusa hata mbuzi, aje aulizwe hatari na kompyuta?

Akafeli. Si kufeli kwa aibu ndogo; mashine ilimwandikia sufuri karibu kila video. Alitoka nje akiwa bado haamini, na simu ikalia.

"Niambie umepita, laazizi!" Selipher alikuwa anahema kwa furaha. "Niambie haraka, nimejificha chumba cha kufulia!"

Ulimi ukamtangulia. "Nimepita, mrembo wangu."

Akasikia kigelegele kilichozibwa na kiganja. Akajiambia si uongo hasa, kwa kuwa angepita mara ya pili na mambo yakaisha. Mara ya pili akafeli vibaya zaidi, maana safari hii alibonyeza kwa hasira.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu alasiri Josphat alikuwa anaoga, simu ikalia kitandani, na Cliff, ambaye hakuambiwa kwamba kuna siri, akapokea.

"Yuko bafuni, shemeji. Anaosha aibu ya kufeli mara ya pili. Mwombee, imebaki moja tu ya Jumapili."

Josphat alitoka na taulo kiunoni, akapewa simu kama mtu anayepewa barua ya msiba.

"Jose," Selipher alisema polepole, "mara ya pili ya nini?"

"Seli, ngoja nikueleze."

"Nimeambia mama yangu. Unanisikia? Nimempigia mama yangu Kakamega nikamwambia nimepata mtu, anahamia Jeddah, ni mtu wa maana. Mama amefunga siku tatu kushukuru Mungu. Anashukuru nini?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Kwa hivyo ukaamua unipoteze na uongo juu? Kwetu tulikuwa na baba alikuwa anatuambia kila mwezi amepata kazi, kila mwezi. Mimi umaskini nimeuzoea, Jose. Kudanganywa siwezi."

Simu ikakatwa.

Siku tatu zilizofuata Josphat aliishi kama mtu aliyemezwa. Alituma jumbe za sauti, moja baada ya nyingine. Alama za kusomwa zikaonekana, jibu hakuna. Chakula kilimshinda. Kila mchana baada ya zamu alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya Cliff akifanya mazoezi ya video, akibonyeza mpaka kidole kikamuuma, na kila mara mashine ikimwambia sufuri, sufuri, mbili, sufuri. Alianza kuhesabu mashati yake ili ajue yataenea sanduku gani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na hakuona pa kushika.

Alhamisi, kati ya adhuhuri na alasiri, saa ambayo madam wa Selipher hulala, simu iliita. Ilikuwa ya video. Selipher alikuwa jikoni, akiwa na sare ya kazi ya kijani na macho yaliyovimba.

"Sijakusamehe," alianza hivyo. "Usitabasamu. Nimekuja kuona tu unafeli vipi. Dereva mzima! Geuza simu nione kompyuta, na nione mkono wako."

Akageuza. Video ikaanza: mtaa mtulivu, magari yameegeshwa, lango moja wazi. Josphat akabonyeza.

"Mbona umebonyeza? Hakuna kitu hapo."

"Lango liko wazi. Mahali kuna lango wazi, kuna mtoto."

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja." Akabonyeza tena. "Atatoka mbio, utaona." Akabonyeza mara ya tatu. Na kweli, sekunde nne baadaye mtoto akatoka mbio akifuata mpira. Mashine ikaandika sufuri.

"Umeona?" Josphat alipiga meza. "Nimemwona kabla hajatoka, na bado wananinyima!"

Selipher akasogeza uso karibu na simu. "Rudia hiyo."

Akarudia. Wakatazama nyingine, na nyingine. Kila mara Josphat aliona kabla ya mashine: moshi wa bomba la nyuma, kivuli chini ya lori, ng'ombe aliye mbali kabisa. Barabara ya Malaba ilikuwa imemfundisha kwamba ukingoja kuona hatari, umeshaua mtu.

"Jose, sikia. Mimi sijui kuendesha hata baiskeli. Lakini kila siku nachemsha maziwa ya madam. Yakianza kupanda, hapo ndipo nazima. Nikichelewa yanamwagika. Wewe unazima yakiwa baridi, halafu unashangaa mbona hakuna chai. Hiyo mashine haitaki ujue mtoto yuko ndani. Inataka umwone mguu wake ukitoka."

"Na kama mguu ukitoka nimechelewa?"

"Ni video, jamani! Huyo mtoto hafi. Na usibonyeze mara tatu tatu kama unachoma sindano. Nafikiri inakuona mwizi wa alama, ndiyo maana inakunyima zote."

Ijumaa na Jumamosi, saa ileile, walirudi hapo. Selipher aliinama kwenye simu yake Al-Safa akitazama barabara zilizokuwa kwenye kompyuta Riyadh, akinong'ona ili madam asiamke. "Subiri... subiri, nimesema toa hicho kidole... sasa!" Alama zikaanza kuja. Tatu, nne, mara nyingine tano. Jumamosi, katikati ya video, alijisahau akasema, "Hapo sawa, babe," kisha akaziba mdomo. Josphat alijifanya hakusikia, akaianza video ile upya.

"Usinidanganye tena," Selipher alisema kabla ya kukata.

"Sitakudanganya tena."

Jumapili asubuhi alikaa mbele ya mashine akiwa amevaa lile shati lake la pasi. Zilihitajika alama arobaini na tano. Video ya kwanza akasubiri. Ya pili akasubiri. Kidole alikiinua juu ya kitufe, sauti ya Selipher ikimwambia ngoja, ngoja. Alifika video ya kumi na tatu akijua anakwenda vizuri.

Video ya mwisho ilikuwa na mzee. Mzee mmoja na fimbo yake, amesimama ukingoni mwa barabara, hajafanya lolote. Josphat akajishika. Mzee akatazama upande mwingine. Josphat alimfahamu mzee wa aina hiyo. Alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili yao mara elfu, Salgaa, Timboroa, Bungoma, na hakumgonga hata mmoja. Mwili wote ukakataa kungoja. Kidole kikabonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza, huku mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu tupu kutafuta breki.

Video ikafutwa yote. Jumla alama arobaini na mbili.

Alitoka nje kwenye joto. Hakusubiri kupigiwa, hakutafuta maneno.

"Seli, nimefeli. Nimekosa alama tatu; nimeshindwa kumngoja mzee wa video ya mwisho. Narudishwa nyumbani."

Upande wa pili kikasikika kilio cha chini, cha mtu aliyefunika uso na aproni. Alilia muda mrefu, na Josphat akakaa kwenye simu akamsikiliza.

"Umenipigia wewe mwenyewe," hatimaye Selipher alisema.

"Ndiyo."

"Ungesema umepita leo, ningeamini tena. Ningekuwa mjinga tena."

"Najua."

Tiketi aliyokatiwa ilipitia Jeddah, na ilimwacha na saa tano za kungoja ndege. Alasiri ya siku ya safari teksi ilisimama Al-Safa, karibu na pipa kubwa la takataka, kwa sababu msichana wa kazi hana ruhusa ya kufika mbali zaidi ya hapo. Lango dogo likafunguliwa. Selipher akatoka na mfuko mweusi wa taka mkononi, sare yake ya kijani, na kichwani ule mtandio wa manjano.

"Nina dakika tano," alisema. "Umekonda."

"Seli, sina kazi na sina pete. Naenda Kakamega kabla sijafika kwetu. Nitamwambia mama yako nilifeli mara tatu, na kwamba mara ya kwanza nilikudanganya. Akinifukuza, nitakaa nje ya boma. Nataka kukuoa."

"Mkataba wangu umebaki miezi kumi na minne."

"Nitangoja."

"Wewe?" Alicheka, na machozi yakamtoka palepale. "Jose, wewe hata kungoja mzee avuke barabara umeshindwa."

"Nikubalie, nijifunze."

Ndani sauti ya madam iliita, "Selifa! Yalla!" Selipher akautupa mfuko, akavua mtandio, akamwekea kifuani.

"Mpelekee mama. Ataujua ni wangu. Mwambie nimekubali."

Lango likafungwa. Josphat alibaki amesimama, mkono juu ya chuma cha lango kilichokuwa bado na joto la mchana, akilia bila kujificha. Dereva wa teksi, Mpakistani wa makamo, alitazama saa yake, akazima injini.