Daftari la Waliowahi Kisu

Kabati la daktari wa upasuaji lilikuwa wazi, na daftari halimo. Humo aliandika kila mgonjwa aliyempasua saratani ya utumbo mpana ingali changa: jina, anwani, na hali yake mwaka hadi mwaka. Miaka kumi na miwili ya kazi.

Inspekta aliinamia kufuli. Halikuvunjwa. Lilifunguliwa skrubu nne, zikapangwa vizuri juu ya rafu.

"Mwizi wa haraka hapangi skrubu," alimwambia koplo wake.

Daktari alikumbuka anwani chache. Inspekta akazifuata, akihofia kuna mtu anawatisha wagonjwa kwa siri zao. Wa kwanza, mwashi, alimteremkia kutoka ghorofa ya tatu, mwiko mkononi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa tangu apasuliwe. Ndiyo, mtu alikuja juzi, akamtazama weee, akashukuru, akaenda zake. Hakuomba kitu. Wa pili, bibi aliyekuwa akitwanga, alisema hivyohivyo. Na wa tatu. Na wa nne.

Miaka ishirini Inspekta alikuwa akibisha hodi na kukuta msiba. Sasa kila mlango ulifunguliwa na aliye hai, naye akaingiwa na kicho asichokijua jina.

Mlango wa tano ulifunguliwa na mjane. Mumewe ugonjwa ulimrudia. Yule mgeni alilia naye, kisha akamkazia bawaba ya mlango iliyolegea.

Inspekta aliitazama bawaba, akazikumbuka zile skrubu nne, akarudi hospitalini moja kwa moja hadi karakana ya seremala wa hospitali. Daftari lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa safi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Kwa nini?"

Alieleza taratibu. Mkewe amegundulika na ugonjwa huo, ungali mdogo. Mama wa mkewe alipasuliwa akiwa amechelewa, akafa; tangu hapo mke hataki kusikia habari za kisu. Daktari alimhakikishia kuwa wanaowahi wengi hupona. Mke akajibu kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

"Nikaona niende nikawaone kwa macho yangu."

"Umewaona wangapi?"

"Nimefika nyumba thelathini na nane. Thelathini na watano wazima. Watatu wametangulia, na hao pia nilimwambia mke wangu. Sikumficha."

Inspekta alivuta kigoda, akaketi.

"Naye akasemaje?"

"Yuko wodini tangu asubuhi. Kesho anapasuliwa." Seremala akanyoosha mikono yake miwili. "Ndilo nililokuwa nikilitafuta, afande. Sasa nifunge pingu."